Je, wajua kwa nini harpsikodi haiongezi sauti hata ukiibonyeza kwa nguvu?

Mtu aliyezoea piano akiketi mbele ya harpsikodi, ala ya zamani ya nyuzi na vibonyezo inayofanana na piano, kwa mara ya kwanza, atabonyeza kibonyezo polepole, kisha atakibonyeza tena kwa nguvu, na kushangaa: sauti ni ile ile. Chombo si kibovu, ndivyo kilivyoundwa.

Kila kibonyezo ni wenzo mrefu wa mbao. Ukikishusha upande wako, upande wa pili unainuka na kusukuma juu kijiti chembamba. Ubavuni mwa kijiti hicho mmechomekwa ncha ndogo ya unyoya wa ndege, zamani mara nyingi wa kunguru, siku hizi aghalabu plastiki. Ncha inaudonoa uzi, nao unalia. Kidole kikiachia, kijiti kinashuka, ncha inajikunja nyuma ili isidonoe mara ya pili, na kipande cha kitambaa kinauzima uzi. Ncha ikishaachana na uzi, nguvu yoyote utakayoongeza haina pa kwenda.

Aliyewahi kumwona mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, katika taarabu ya Unguja ataielewa tofauti upesi. Kanuni nayo hudonolewa, lakini vidonoo vimefungwa kwenye vidole vya mpigaji mwenyewe. Akitaka uzi unong'one, unanong'ona; akitaka upige kelele, unapiga. Kwenye harpsikodi, kidole na uzi havionani kabisa.

Bartolomeo Cristofori, aliyetunza ala za muziki za ukoo wa Medici mjini Florence, aliunda mwaka 1700 hivi chombo kinachogonga nyuzi kwa nyundo. Hiyo ndiyo piano, na nguvu ya kidole ikaanza kusikika. Karne ya 19 ilipoingia, harpsikodi zilikuwa zimewekwa kando karibu kila mahali. Aliyeirudisha jukwaani kuliko mtu mwingine yeyote ni Wanda Landowska, mzaliwa wa Warsaw, aliyeanza kuifundisha Berlin mwaka 1913.

Sasa, asiyeweza kuongeza sauti anasisitizaje noti? Kwa muda. Kwangu mimi, uzuri wote wa kazi hii uko hapa. Mpigaji huichelewesha kidogo tu noti anayotaka kuisisitiza, pengine chini ya kufumba na kufumbua jicho, na sikio linaisubiri. Ikifika inaonekana nzito. Au anaikatisha mapema noti iliyotangulia, na ule ukimya mfupi unaipa uzito inayofuata. Akitaka mlio ujae, anaacha vidole juu ya vibonyezo ili noti zichanganyike, au anaumwaga mkusanyiko wa noti moja baada ya nyingine badala ya kuzipiga kwa pamoja. Msikilizaji ataapa kwamba sauti imepanda, kumbe haikupanda.

Ufundi huo hauji haraka, na haumtoshi mtu kupata riziki. Sehemu kubwa ya kazi ya mpiga harpsikodi ni kusindikiza waimbaji na wapiga fidla. Mbele yake pana mstari mmoja tu wa besi (noti za chini) wenye tarakimu za kumwongoza, na noti nyingine zote za mkono wa kulia anazitunga papo hapo. Kisha, tofauti na mpiga piano, mara nyingi anatuni chombo mwenyewe, yaani anarekebisha milio ya nyuzi. Nyuzi zake nyembamba hukerwa na joto la taa na unyevu wa ukumbi, kwa hiyo wasikilizaji wakitoka nje kupumzika, yeye hubaki ameinama na ufunguo wake akiikaza misumari mmoja mmoja.

Maisha yanayonigusa zaidi katika kazi hii ni ya Zuzana Růžičková, aliyezaliwa mwaka 1927 katika mji wa Plzeň, Chekoslovakia. Mwalimu wake wa piano alimwona ana kipaji akapanga aende Ufaransa kusoma kwa Landowska. Wanazi wakaivamia nchi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Alipelekwa kambi ya Terezín, kisha Auschwitz mwezi Desemba 1943, akiwa na kijikaratasi alichokiandikia kwa kumbukumbu sehemu ya muziki wa Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Kijerumani: sarabande, dansi ya polepole, kutoka suti (mfululizo wa dansi) ya tano kati ya zile ziitwazo za Kiingereza. Alipitia kazi za suluba Hamburg na kufikishwa kambi ya Bergen-Belsen, akaokolewa Aprili 1945. Aliporudi nyumbani, mikono yake ilikuwa imeharibika kiasi kwamba mwalimu wake alilia alipoiona.

Akaanza upya na mazoezi ya watoto. Mwaka 1956 alishinda tuzo katika mashindano ya kimataifa ya Munich, na kuanzia miaka ya 1960 alitumia takriban miaka kumi kurekodi muziki wote wa Bach wa ala za vibonyezo, wa kwanza kukamilisha kazi hiyo. Serikali ya kikomunisti ilimruhusu kusafiri kwa sababu alileta fedha za kigeni, lakini alikataa kujiunga na chama. Alifundisha Prague tangu mwaka 1951, na hakupewa uprofesa mpaka mwaka 1990.

Alifariki Septemba 2017 akiwa na miaka 90. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwisho ni Mahan Esfahani, mzaliwa wa Tehran, ambaye leo anazunguka dunia akipiga harpsikodi peke yake jukwaani.