Kitunguu saumu Kampala: kinachokosekana ni baridi, siyo mbolea

Jamani hili swali naulizwa kila wiki, nimepanda kitunguu saumu nyuma ya nyumba, majani yamekuja mazuri kabisa lakini nikichimba nakuta kitu kama kitunguu kidogo cha duara hakina hata punje, shida nini? Mtu kashamwaga samadi gunia zima, kaongeza na yuria juu, ndo majani yanazidi tu.

Mi ni bwana shamba, na kwa hiyo bustani jambo la kwanza nataka kujua ni zile punje zilikaa wapi kabla ya kupandwa. Kitunguu saumu asili yake ni Asia ya Kati, huko kuna winta, mmea umezoea kupitia baridi ndo ugawanye kichwa kiwe punje punje. Sasa Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, usiku joto ni digrii 17 hivi, hiyo baridi itaipata wapi? Ndo maana watu wa Kabale wanavuna vizuri, kule ni karibu mita 2,000 na usiku unashuka mpaka digrii 10 hivi. Alafu sisi tuko kwenye ikweta, mchana ni masaa 12 mwaka mzima, kwa hiyo zile aina zinazosubiri mchana mrefu wa Ulaya hapa usijisumbue nazo, hata zikipata baridi.

Dawa ni friji. Chukua vichwa vikavu vyenye punje kubwa, bora vya Kabale au Kapchorwa (kule Mlima Elgon) maana vile vya kutoka nje vingine vimetibiwa visichipue, weka kwenye mfuko wa karatasi (siyo kaveera, yaani mfuko wa plastiki, vitaota ukungu) sehemu ya chini ya friji wiki 6 mpaka 8. Friza hapana kabisa, punje zitaungua na barafu. Ukitoa, bandua upande siku hiyohiyo, ncha juu, kina cha sentimita 4, nafasi 12 hivi, tuta liinuke sababu maji yakisimama zinaoza.

Kwa hesabu yangu mwisho wa Julai unaingiza friji, katikati ya Septemba unapanda na mvua, inachukua miezi kama minne mitano, Januari au Februari unavuna jua likiwa kali. Majani ya chini yakianza kuwa njano acha kumwagilia wiki mbili, ukivuna anika kivulini siyo juani.

Na yule mwenye viduara tayari, mama usitupe! Vikaushe, vipitishe friji, uvipande tena msimu ujao, hivyo huwa vinatoa kichwa kizuri. Hayo majani nayo katakata kwenye maharage, ladha ni ileile ila laini.