Kijani cha Ggaba si rangi, ni rutuba

Msimu upepo ukitulia, wenye mitumbwi wa Ggaba, mwaloni mwa Ziwa Victoria huku Kampala, huniuliza ni kiwanda gani kimemwaga rangi ya kijani ziwani. Chukua chupa ya kioo, ijaze maji hayo, iache mezani hadi kesho bila kuigusa. Ukikuta utando wa kijani umepanda juu, hao huenda ni sayanobakteria, yaani bakteria wa kijani wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea: wana vifuko vidogo vya hewa vinavyowaelesha. Mwani wa kawaida aghalabu huzama.

Kinachowanenepesha kinatoka mjini. Mfereji wa Nakivubo huteremsha uchafu wa Kampala, yaani maji ya vyoo, sabuni na damu ya machinjioni, hadi ghuba ya ndani ya Murchison, ambayo kina chake ni kidogo na maji yake hubadilishana polepole na ziwa kuu. Humo mna naitrojeni na fosforasi, ndiyo rutuba yenyewe. Mimi naihofia zaidi fosforasi. Naitrojeni ikipungua, baadhi ya sayanobakteria hujichukulia ya hewani. Fosforasi nayo hujishikiza kwenye chuma ndani ya tope, kisha oksijeni ikiisha huko chini, hurudi majini. Kwa hiyo mtambo mpya wa kusafisha maji taka wa Bugolobi naupongeza kwa dhati, ila anayetarajia ghuba itakate mara moja ajue tope lina akiba ya miaka mingi.

Halafu kuna mafunjo. Kinamasi cha Nakivubo huchuja vizuri maji yakitawanyika na kupita polepole kati ya mizizi. Tumeyafyeka tukapanda magimbi, tukachimba mitaro, na sasa maji mengi yanapita mbio bila kuchujwa. (Wakulima siwalaumu sana, waliojaza kifusi wakajenga ndio wenye kesi.)

Ziwa zima limebadilika pia. Zamani dayatomu, mwani mdogo sana wenye ganda gumu, ndizo zilizotamba. Baada ya miaka ya 1960 sayanobakteria wakashika nafasi. Mwanga ukapungua majini. Utafiti wa upande wa Mwanza ulionyesha kuwa furu, yaani nkejje wetu, samaki wadogo wa spishi nyingi, huchaguana kwa rangi wakati wa kuzaana, na maji yakiwa na ukungu hawatambuani vizuri, spishi zikaanza kuchanganyika. Sangara yeye hutaka oksijeni nyingi. Mwanzoni mwa 2021 walielea wengi wamekufa upande wa Uganda, na uchunguzi wa serikali ukataja upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuvuruga maji.

Sasa la nyumbani. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, lakini maikrosistini, sumu ya baadhi ya sayanobakteria hao, haiharibiki kwa moto wa jikoni. Moto huzipasua seli, na sumu iliyokuwa ndani ikamwagika kwenye sufuria. Basi usiteke pale utando ulipokusanywa na upepo, na ng'ombe wasinywe hapo. Samaki wa eneo hilo mtoe matumbo yote kabla ya kumpika, ini likiwemo, kwa kuwa ndiko sumu hiyo hujikusanya zaidi.