Je, Wajua Kwa Nini Wanawake na Wanaume Husikika Wakizungumza kwa Namna Tofauti?

Mwanamke anayeuza ndizi katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, humwita mteja kwa sauti ya juu, hukataa bei asiyoiridhia na humjibu mchukuzi papo hapo bila kusita. Jioni hiyohiyo, akifika nyumbani kwa mumewe wilayani Rungwe na kumkuta baba mkwe wake, sauti hushuka, macho huelekea chini na maneno hupungua hadi kubaki salamu na majibu mafupi. Aliyemwona sokoni tu atasema wanawake ni wasemaji sana, na aliyemwona nyumbani tu atasema ni wanyamavu, ilhali wote wawili wamemsikia mtu mmoja.

Imani iliyoenea, hata huku Nyanda za Juu Kusini, ni kwamba mwanamke ameumbwa na maneno mengi kuliko mwanamume. Mwaka 2007 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Matthias Mehl na wenzake, ambamo wanafunzi 396 wa vyuo vikuu vya Marekani na Meksiko walivaa vinasa sauti vidogo vilivyojiwasha vyenyewe kwa vipindi vifupi kutwa nzima. Wanawake walikadiriwa kusema maneno 16,215 kwa siku na wanaume 15,669, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Maisha ya chuo si maisha ya kijijini, lakini kwangu matokeo hayo yanatosha kutuachisha kuhesabu maneno na kutufanya tuulize jambo lenye manufaa zaidi: nani anazungumza na nani, na akiteleza ulimi atapoteza nini?

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, wanatupa jibu lililo wazi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwao katika miaka ya 1930, alieleza jinsi mke alivyopaswa kumwepuka baba mkwe wake: asimtazame, asikutane naye njiani, wala asilitaje jina lake. Mwiko huo uligusa hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina hilo. Kama jina la mzee lingekaribiana na neno la maji au la moto, ilimlazimu mke huyo kutafuta neno lingine kila alipotumwa mtoni au alipowasha jiko, naye alijifunza maneno hayo mbadala kwa wanawake waliomtangulia. Heshima hiyo ilikwenda pamoja na desturi ya vijana wa rika moja kujenga kijiji chao, mbali na wazazi, ili mkwe na mkwewe wasiishi ua mmoja. Msamiati wa mwanamke ulitofautiana na wa mumewe kwa sababu yeye ndiye aliyehamia ugenini, na ulimi wake ndio uliopimwa kila siku. Huo ulikuwa ustadi mkubwa wa lugha, nami nasikitika kuuona ukiitwa woga.

Nyanda za juu za Madagaska zinaonyesha sura nyingine kabisa. Elinor Keenan, katika maandishi yake ya mwaka 1974, alieleza kijiji ambamo wanaume ndio waliosifiwa kwa kuzungushazungusha maneno na kuepuka kumwaibisha mtu, huku wanawake wakitegemewa kusema waziwazi, kukemea na kupatana bei sokoni. Kama upole wa maneno ungekuwa maumbile ya mwanamke, kijiji hicho kisingewezekana.

Mahakamani nako jambo hilo limechunguzwa. William O'Barr na Bowman Atkins walisikiliza mashahidi katika mahakama za North Carolina, Marekani, na mwaka 1980 wakaandika kwamba kusitasita na kujihami kwa maneno, tabia zilizodhaniwa kuwa za kike, ziliwapata pia wanaume wa hali ya chini, ilhali wanawake wataalamu waliozoea mahakama walizungumza kwa uthabiti. Hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inataka baraza la kata liwe na wajumbe kati ya 4 na 8, watatu wao wakiwa wanawake. Mjane anayeanza maelezo ya shamba lake kwa kusema, "Naomba radhi, wazee wangu, labda nimekosea," huenda anaujua mpaka wa shamba hilo kuliko wote waliokaa pale, na anastahili kuulizwa swali la pili kabla maneno yake hayajachukuliwa kuwa ya mtu asiye na hakika.