Ukame wa Dodoma hauzuii ubwiri unga
Wakulima wengi wa zabibu Dodoma huamini kwamba bila mvua hakuna magonjwa ya ukungu (kuvu). Kwa ubwiri vinyoya, mojawapo ya magonjwa hayo, ni kweli: vimelea vyake huhitaji jani lililolowa. Ubwiri unga, ugonjwa mwingine wa ukungu, ni habari nyingine. Huu huota hata kwenye jani kavu, hasa penye kivuli cha matawi yaliyosongamana. Ukilisugua, unga mweupe hubaki kidoleni. Aina za zabibu kama Chenin Blanc na Syrah hazina kinga. Ugonjwa ulitoka Amerika ya Kaskazini, na ukinzani umo kwenye mizabibu pori ya huko, ndiyo maana watafiti huichavusha na ya Ulaya. Wewe punguza majani yanayofunika vichala, kisha nyunyiza salfa mapema asubuhi, kabla punje hazijashikwa na ugonjwa. Zikishikwa changa, hupasuka. Joto likizidi nyuzi 32, salfa huunguza majani.