Matatizo ya ulaji: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

Vijana wanaojitolea kuzungumza na wanafunzi wa Ujiji, Mwanga na Gungu kuhusu matatizo ya ulaji, na kuhusu namna mtu anavyouona mwili wake, hukutana kwanza na kauli kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu, na kwamba kwetu asiyekula ni yule aliyekosa chakula. Kauli hiyo si ya kushangaza, kwa kuwa jina la anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda mno, lilitolewa na daktari wa London, William Gull, katika miaka ya 1870, na kwa muda mrefu waliochunguzwa zaidi walikuwa wasichana wa Ulaya na Marekani. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanafunzi wa kike wa sekondari nchini Ghana uliwakuta wasichana waliojinyima chakula hadi kukonda mno bila kutaja hofu ya kunenepa. Wao walieleza kujinyima huko kwa lugha ya dini na ya kuitawala nafsi. Jambo hili linatugusa katika mji ambao funga ni ibada inayoheshimiwa na Waislamu na Wakristo. Funga yenyewe haina kosa. La kuangaliwa ni pale adhana ya magharibi inapokwisha, wengine wakafuturu, naye kijana mmoja kila siku akawa na sababu mpya ya kutougusa uji.

Husemwa pia kwamba utamaduni wetu humpenda mwanamke mnene, kwa hiyo binti wa Kigoma hawezi kuuchukia mwili wake. Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, nako mwili mkubwa ulipendwa. Televisheni ilipofika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa shule, kisha wakahoji kundi jingine mwaka 1998: mara ya kwanza hakuna aliyesema amejitapisha ili kudhibiti uzito, mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Isitoshe, kupenda unene nako kuna shinikizo lake. Msichana anayeitwa kimbaumbau, au anayenong'onwa kuwa anaumwa kwa sababu tu mifupa ya shingo inaonekana, hushawishika kununua vidonge vya kunenepa. Baadhi yake huwa ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na kuleta usingizi, au deksamethasoni, ambayo ikitumiwa kiholela huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili. Anayeiacha ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu anaweza kuzidiwa vibaya, kwa kuwa tezi zake zimezoea kutotengeneza homoni ambayo mwili unaihitaji. Kwa maoni yangu, mazungumzo yanayokemea hofu ya unene pekee, yakavinyamazia vidonge hivi, hayajawafikia wasichana wetu.

Walimu na wazazi, kwa upande wao, humtafuta aliyekonda. Wengi wenye bulimia, yaani ugonjwa wa kula kwa wingi kisha kujitapisha, wana uzito wa kawaida, na mtu mwenye mwili mkubwa aliyepungua haraka kwa kujinyima anaweza kuwa hatarini sawasawa na mwembamba, huku kila anayekutana naye akimpongeza. Dalili ziko kwenye mwenendo. Bwaloni, mwanafunzi humega tonge la ugali wa muhogo, akalifinyanga muda mrefu, akamsukumia mwenzake mgebuka wake, kisha akaondoka wa kwanza kwenda kuosha sahani. Mwingine hula upesi na kwa wingi akiwa peke yake, kisha hukimbilia chooni. Asidi ya matapishi humla meno, na kupotea kwa madini ya potasiamu kunaweza kuuvuruga mpigo wa moyo hadi kuusimamisha.

Kwamba ni majivuno, kwamba amerogwa, kwamba ni ya wasichana tu: yote si kweli. Ni maradhi ya akili na mwili, urithi wa damu ukiwa mmoja wa visababishi, na wavulana huyapata pia.

Dhana inayonisumbua zaidi ni yetu sisi wahamasishaji, kwamba tukieleza kila mbinu na kuonyesha picha za kutisha, vijana wataogopa na kuacha. Kwa kijana aliyekwisha kuanza, kilo zinazotajwa huwa shabaha ya kufikia, na mbinu huwa somo. Kwa hiyo tuache namba za uzito, tuache picha za kabla na baada, wala tusimsimamishe mtu yeyote mbele ya darasa kuwa mfano. Tuzungumze na watani pia, wale wanaoita wenzao bonge na njiti.

Mwisho kuna ushauri wa kila nyumba: mlazimishe tu ale. Aliyejinyima kwa muda mrefu akilishwa sana kwa ghafla, madini ya damu yake yanaweza kushuka kwa kiwango cha kuua, ndiyo maana chakula hurudishwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari. Anayezimia, anayelalamikia moyo kwenda mbio au asiyeweza kusimama apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mwingine aanzie kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa ya huduma za afya ya akili, akisindikizwa na mtu mzima anayemwamini. Mtoto asiye na mtu wa kumwambia anaweza kupiga simu 116 bila malipo.