Presha ya asubuhi na presha ya jioni: ipi ndiyo yako?

Swali tunaloulizwa zaidi katika kliniki ya presha hapa Lamu huletwa likiwa kwenye daftari. Mgonjwa amejipima nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi akapata 152 kwa 94, akajipima tena baada ya Isha akapata 128 kwa 80, na sasa anataka kujua ipi ndiyo presha yake, au kama mashine aliyonunuliwa na mwanawe ni mbovu. Aghalabu mashine ni nzima, na namba zote mbili ni zake.

Kwa mtu mwenye afya, presha hushuka usingizini kwa asilimia 10 hadi 20 chini ya ile ya mchana, kwa kuwa neva zinazouhimiza moyo zimetulia na mishipa imelegea. Kabla hajaamka, mwili huanza kuongeza homoni ya kotisoli, na anapoinuka kitandani adrenalini nayo hupanda, moyo ukapiga kwa nguvu na mishipa ikabana. Kwa sababu hiyo presha hupanda upesi asubuhi, na ni katika saa hizo hizo ambapo kiharusi na mshtuko wa moyo hutokea zaidi.

Mwendo huu hufuata sana nyakati za kulala na kuamka. Mvuvi aliyekesha baharini, akauza samaki wake kisha akalala, presha yake hushuka mchana. Tukimpima saa kumi alasiri ndiyo kwanza ameamka, nasi huona kupanda kule tulikozoea kukuona kwa wengine alfajiri. Kwa hiyo tunamuuliza kwanza alilala saa ngapi.

Juu ya mwendo huo huja mambo madogo ya siku. Kikombe cha kahawa chungu barazani huweza kupandisha presha kwa saa kadhaa, na miraa vivyo hivyo. Ngazi za nyumba zetu za ghorofa, kibofu kilichojaa, mkono unaoning'inia bila kuegemezwa na hofu ya kumwona daktari, vyote huongeza. Hata kuzungumza huongeza, na hapa tuna shida ya pekee, kwani maamkizi yetu ni marefu na hakuna mtu muungwana atakayeacha kuitikia salamu kwa sababu amefungwa mkanda mkononi.

Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Jipime asubuhi kabla ya kunywa dawa na kahawa, na tena jioni, kwa siku saba, ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni na mkono uko usawa wa moyo. Kila mara pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, na uandike zote, hata ile isiyokupendeza. Tukizichanganya na kutafuta wastani, 135 kwa 85 au zaidi nyumbani huhesabiwa kuwa presha ya juu. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku, au mwenye kisukari au maradhi ya figo, huenda presha yake isishuke usingizini, na huyo tunaweza kumvalisha kipimo cha saa 24.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mgonjwa anayeiona ile 128 ya usiku akaacha dawa, ilhali mara nyingi namba hiyo ni kazi ya kidonge kile kile anachotaka kukiacha. Katika Ramadhani pia, saa za kunywa dawa zipangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama. Na ikiwa mashine itaonyesha 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, mgonjwa afikishwe hospitali saa ile ile. Aliye Pate au Faza asingoje boti ya asubuhi.