"Bila frigo huwezi kupanga chakula": maneno yanayotumalizia pesa jikoni Bukavu

Mama wengi wa hapa Bukavu wanajua bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, asubuhi na jioni. Waulize sasa ndani ya bidoni kumebaki maharagi kiasi gani, jibu linachelewa. Si uvivu. Tumezoea kuanzia sokoni: unafika Kadutu, macho yanachagua, unanunua, halafu nyumbani unakuta vitunguu vilikuwepo tangu juzi na vimeanza kuoza. Na kuna maneno tunayoambiana kila siku yanayoifanya tabia hiyo ionekane ya busara.

"Kupanga chakula ni mambo ya wenye frigo"

Frigo yenyewe, umeme ukikaa siku mbili bila kuja, inabaki kabati tu. Vingi tunavyokula havihitaji baridi: maharagi, unga wa mihogo, mchele, karanga, sambaza kavu, mawese. Kupanga ni kutazama jikoni kabla ya kushika kikapu, na kujiuliza kipi kitaharibika kwanza.

Tuseme una maharagi makopo mawili, sambaza kavu kiganja kimoja, viazi vilivyoanza kuchipua, fungu la lengalenga la jana, na unga wa kutosha. Leo ni zamu ya lengalenga, maana kesho itakuwa imenyauka. Sambaza zinaingia humo humo, mnakula na bugali. Usiku unaloweka maharagi. Kesho yanapikwa mara moja: mchana yanaliwa na viazi, jioni yanaliwa na bugali. Sokoni umeenda kutafuta nyanya na kitunguu, basi. Ukishajua hivyo, hata muuzaji akikuita "mama, njoo nikupunguzie", unampita kwa heshima.

"Maharagi ni chakula cha bei rahisi"

Sokoni, labda. Kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, hesabu inabadilika. Mji wetu uko kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, na huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama kule chini Matadi, karibu na usawa wa bahari. Mchemko ukiwa na joto pungufu, maharagi yanachelewa kuiva, na makala (makaa) yanaendelea kuliwa. Kwa hiyo anayehesabu bei ya kopo peke yake amesahau nusu ya matumizi.

Dawa ya kwanza ni kuloweka usiku kucha, kisha kumwaga yale maji. Ya pili wengi hawaijui: nyanya na ndimu zisiingie kabla maharagi hayajalainika, kwa kuwa uchachu unayazuia kulainika. Na yale yaliyokaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu huwa magumu zaidi, kwa hiyo maharagi ya zamani yatangulie, mapya yangoje. Ila usibane makala mpaka ukapika kwa moto wa kufifia tangu mwanzo. Maharagi mekundu mabichi yana sumu inayosumbua tumbo vibaya. Lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi ndipo upunguze moto.

"Nunua gunia, utaokoa pesa"

Utaokoa, kama fukusi hawatakutangulia. Maharagi yaliyokauka vizuri yajazwe kwenye bidoni kavu hadi juu, kifuniko kikazwe. Wadudu walio ndani wanakosa hewa na kufa. Na kama pesa ya gunia ni ya deni la riba, endelea na kopo.

"Kiporo kikichemka tena, hakina neno"

Hapa naomba tusikilizane, maana akiba inayompeleka mtoto hospitali si akiba. Ndani ya mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kupikwa. Sufuria ikiachwa mezani na uvuguvugu wake, vinaamka, vinaongezeka, na vinaacha sumu ambayo moto wa kesho yake hauiondoi. Chakula kinaweza kunukia vizuri kabisa na bado kikatapisha. Bila frigo, wali usikae zaidi ya saa mbili baada ya kutoka motoni. Njia nzuri ni kupima: kikombe kimoja cha mchele mkavu kinawatosha watu wawili au watatu. Wanaopika sufuria ya kujaa "wasije wakakosa" ndio wanaomwaga asubuhi.

"Chenye ukungu kinakoshwa, kinaanikwa, kinaliwa"

Hapana. Ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi unaweza kutoa sumu inayoharibu ini, na jiko la kawaida haliimalizi. Hata kuku msiwape. Viazi vilivyogeuka kijani ni hivyo hivyo: kuchemsha hakuondoi ile sumu. Chipukizi dogo unalikata na kiazi kinapikwa. Kikiwa kijani sana au kichungu, tupa. Viwekwe gizani, visiwekwe dirishani.

"Bila nyama, mgeni atasema tumefilisika"

Bugali ya mihogo inashibisha lakini haijengi mwili, hilo ni kweli. Nyama siyo jibu pekee. Maharagi yanajenga, karanga zinajenga, na sambaza unayemla mzima na mifupa yake anakupa hata chokaa ya mifupa. Tena huyu sambaza tunayemwona kama alizaliwa na ziwa ni mgeni: aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, kwa hiyo kuna wazee wetu ambao utoto wao wote haukumjua. Mgeni akibisha hodi na sombe, mboga ya majani ya mihogo, iko motoni, ponda karanga kiganja kimoja uzimimine humo, na wewe usiongeze neno juu ya nyama.